Mtumwa anaporudi nyumbani, nani atalipa deni?



Ndugu msomaji, leo Mama Kanisa anaadhimisha Dominika ya 23 ya Mwaka C. Somo la pili linatoka katika waraka mfupi kuliko zote za Mtakatifu Paulo tulizonazo katika Biblia, Waraka kwa Filemoni. Una sura moja tu na mistari 25. Kwa kawaida tunausikia, tunainuka kwa Aleluya, nao umepita. Leo nakuomba tusiuache upite.

Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, Mkristo mwenye uwezo ambaye waamini walikuwa wanakusanyika nyumbani kwake kusali. Onesimo aliondoka kwa bwana wake, akamkuta Paulo kifungoni, akawa Mkristo. Sasa Paulo anamrudisha akiwa na barua. Anamwomba Filemoni asimpokee tena kama mali yake, ampokee kama ndugu, kana kwamba anampokea Paulo mwenyewe.

Injili nayo (Luka 14:25-33) inatupa mifano miwili. Kuna mtu anayetaka kujenga mnara: asipokaa kwanza chini na kuhesabu gharama, ataweka msingi, atashindwa kumaliza, na watu watamcheka. Kuna na mfalme anayekwenda vitani na askari elfu kumi, huku mwenzake anakuja na elfu ishirini. Mwenye akili hutuma wajumbe wa amani adui angali mbali.

Ukiyaweka masomo haya pamoja, linatoka swali linalolihusu taifa zima: watu waliotengana kwa kuuzana na kupigana wanajengaje tena nyumba moja, na gharama yake analipa nani?

Njia iliyopita kwetu

Sisi wa Dodoma hatuhitaji kwenda mbali kulitafuta swali hilo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikavuka nyika kame ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, kisha ikaelekea Tabora na Ujiji. Nguo, shanga na bunduki zilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Na wanadamu walishuka pia, wengine wakiwa wamefungwa shingoni. Reli iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata kwa sehemu kubwa uelekeo uleule. Ukipanda treni leo ukapita Gulwe, Kikombo, Bahi na Manyoni, unapita jirani na mahali ambapo watu walitembea wakilia.

Tuseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli haiponyi kidonda. Si kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, wenye sifa na fahari ya kazi yao. Na si watu wa aina moja waliofanya biashara ya utumwa. Walikuwepo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani. Walikuwepo matajiri wa Unguja waliokopesha fedha za safari, na wanunuzi wa pembe huko Ulaya na Marekani. Walikuwepo watawala wa bara waliouza mateka wa vita. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa misafara iliyotaka maji na njia, na hongo ilipopokelewa haikuulizwa kama msafara una pembe tu au una na watu.

Wakristo nasi tumo. Wafaransa waliobatizwa walinunua watumwa Kilwa kwa ajili ya mashamba yao katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Nchini Marekani, mwaka 1838, Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272 ili kuokoa, pamoja na mengine, chuo chao kilichokuwa na madeni. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo II alipofika kisiwa cha Gorée, Senegal, Februari 1992, aliomba msamaha kwa dhambi hiyo ya Wakristo. Kwa hiyo anayetaka kuifanya historia hii rungu la kumpigia jirani wa dini au rangi nyingine, ajue kwamba mpini wake ulishikwa na mikono mingi.

Vita navyo vilikuwepo. Tunapenda kusema Tanzania ni kisiwa cha amani, kana kwamba tulizaliwa hivyo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliingia vitani na Waarabu wa Tabora, njia ikafungwa. Wahehe na Wangoni walipigana kati ya mwaka 1878 na 1882. Wahehe walivamia Ugogo, na Wagogo waliwazika watu wao. Babu wa babu zetu hawakuwa wananchi wa taifa moja. Wengi wao walikuwa maadui, na wengine walikuwa bidhaa za wenzao.

Amri peke yake haitoshi

Utumwa ulikwisha lini? Vitabu vinatupa tarehe kadhaa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alikubali mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Tarehe 6 Aprili 1897 sheria ya Zanzibar iliacha kuutambua utumwa. Huku bara, Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 wawe huru, lakini wazazi wao wakabaki walivyo. Tanganyika ilipiga marufuku utumwa wenyewe mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ni mwaka uleule aliozaliwa Mwalimu Julius Nyerere. Haya si mambo ya enzi za Nuhu. Wapo miongoni mwetu waliolelewa na bibi aliyezaliwa wakati mtu akiwa bado mali ya mtu kwa sheria.

Tazama sasa namna ilivyofanyika Zanzibar mwaka 1897. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuudai. Bwana wake aliweza kulipwa fidia kwa hasara aliyoipata. Aliyeachiwa huru hakulipwa kitu kwa miaka yote aliyochuma karafuu. Tena alitakiwa awe na makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mashamba yalibaki kwa wenye mashamba. Wengi waliokuwa watumwa wakaendelea kukaa humohumo, wakilima kwa idhini ya aliyekuwa bwana wao.

Huo ndio mnara ulioanzwa bila kuhesabu gharama. Siasa za vyama zilipoingia visiwani mwishoni mwa miaka ya 1950, kidonda kile kilikuwa bado kibichi. Suala la nani akae shambani na nani afukuzwe likageuka silaha ya vyama. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 watu 68 waliuawa. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na damu ikamwagika tena. Wapo wanaoyakumbuka kama siku mnyonge alipoinua kichwa. Wapo wanaowalilia ndugu zao hadi leo. Wote hao ni Watanzania wenzetu. Hesabu mwenyewe: tangu 1897 hadi 1964 ni miaka 67. Deni lisilolipwa haliozi, hurithiwa.

Wamarekani nao walipita njia hiyo. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, na mwaka huohuo katiba yao ikafuta utumwa. Januari ya mwaka ule Jenerali Sherman alikuwa ametenga ardhi ya pwani ya kusini kwa ajili ya familia za watu waliotoka utumwani. Aprili Rais Lincoln aliuawa. Kabla mwaka haujaisha, mrithi wake, Andrew Johnson, aliagiza sehemu kubwa ya ardhi ile irudishwe kwa wenyewe wa zamani. Wazungu wa Kaskazini na wa Kusini waliopigana wakapatana polepole, ila walipatana juu ya mgongo wa mtu mweusi. Mwaka 1877 askari wa serikali kuu walioilinda hatua ile ya ujenzi mpya waliondolewa, na miongo mingi ya ubaguzi wa kisheria ikafuata. Msingi ulikuwepo, ukuta ukaishia njiani.

Ndugu msomaji, kuna upatanisho wa namna hiyo hata katika ukoo. Wakubwa wawili waliogombana wanashikana mikono, wanakula mbuzi, na aliyeumizwa hakuitwa kwenye kikao. Tunaita amani. Mungu haiiti hivyo.

Waliojenga bila kelele

Sasa tuwatazame waliohesabu gharama wakalipa. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo, palepale njia ya misafara ilipoishia. Waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, na baadaye kikawepo kijiji cha Wakristo walioachiwa huru. Maisha pale hayakuwa peponi: kazi ilikuwa nyingi na sheria zilikuwa kali. Lakini mtu aliyeletwa pwani kama mzigo alipata jina, nyumba, shamba, mke au mume wa ndoa, na kaburi lake mwenyewe. Mwaka 1877 mapadre walipokwenda kuanzisha misheni ya Mhonda, katika milima ya Nguru, walifuatana na familia za Wakristo kutoka Bagamoyo. Fikiri, mpendwa. Watu walioteremshwa kwa minyororo walipanda tena bara kwa miguu yao, wakiipeleka Habari Njema.

Mfikirie pia Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa utotoni, akauzwa kuvuka jangwa, akakombolewa Algeria na Wamisionari wa Afrika. Alisomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa tabibu na katekista hukohuko mpaka alipofariki mwaka 1956. Huyu alikuwa na kila sababu ya kuuchukia ulimwengu. Aliamua kuutibu.

Na si Kanisa peke yake lililojenga. Wazee wetu waliokuwa bado hawajasikia Injili walikuwa na dawa yao, na dawa hiyo ni utani. Mgogo na Mnyamwezi, waliogombania maji na hongo njiani, ni watani. Mgogo na Mhehe, waliopigana, ni watani. Mhehe na Mngoni ni hivyohivyo. Nenda msibani hapa Dodoma uone. Mtani anafika, anamcheka marehemu, anadai apewe chochote ndipo jeneza lipite, na hakuna anayekasirika. Usidhani ni mchezo mtupu. Katika mila, mtani alikuwa na wajibu wa kumsaidia mtani wake kuzika. Yaani wazee walisema hivi: wewe uliyekuwa unaweza kuniua, sasa ndiye utakayenizika. Kumbukumbu ya vita haikufutwa, ila ilipewa kazi nyingine. Kinachosemwa hadharani kwa kicheko hakipati nafasi ya kuvunda moyoni.

Lugha yetu nayo ina historia kama hiyo. Kiswahili kilipanda bara kwa njia ileile ya misafara, kikiwa lugha ya wapagazi na wafanyabiashara. Kilitumika kupanga bei ya pembe, na bei ya mtu pia. Leo kwa lugha hiyohiyo Mgogo, Mhaya, Mmakonde na Mpemba wanasali, wanaoana, na wanakosoana bungeni hapa Dodoma. Waliounda TANU mwaka 1954 waliitumia kuwaambia watu wa makabila zaidi ya mia moja kwamba ni wananchi wa nchi moja, na ahadi ya kwanza ya mwanachama ilihusu udugu wa binadamu wote. Filemoni angeielewa mara moja.

Hata huko Zanzibar, mfalme wa Injili ya leo ameonekana. Baada ya mauaji ya Januari 2001, yaliyowafanya watu wa Pemba wakimbilie Shimoni nchini Kenya, miaka ya mivutano iliendelea. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana wakazungumza. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Maridhiano hayo yameyumba zaidi ya mara moja tangu hapo. Hata hivyo yametuachia funzo: kuzungumza adui angali mbali ni nafuu kuliko kuzungumza juu ya makaburi.

Mstari ambao hausomwi leo

Turudi kwa Filemoni. Somo la leo linaishia mstari wa 17. Ukifika nyumbani, fungua Biblia yako usome na mstari wa 18. Hapo Paulo anamwambia Filemoni kwamba kama Onesimo amemdhulumu au anadaiwa chochote, deni hilo aandikiwe yeye Paulo. Katika mstari wa 19 anaahidi, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba atalipa.

Huo ndio moyo wa waraka. Paulo hasemi yaliyopita si ndwele. Anajua kwamba udugu una gharama, na gharama hiyo isipolipwa na mwenye uwezo, itamrudia mnyonge. Kwa hiyo anajiweka katikati. Kifungoni, bila fedha, anakuwa mdhamini wa mtumwa. Ni picha ya Kristo msalabani, aliyechukua deni ambalo halikuwa lake.

Kiswahili kinatusaidia kuona jambo jingine. Mtumwa, mtumishi na mtume ni maneno ya mzizi mmoja: kutuma. Onesimo aliondoka akiwa mtumwa. Amerudi akiwa na barua ya Paulo, yaani ametumwa. Umbo la neno ni lilelile, ila hadhi ni nyingine. Tofauti iko kwa anayetuma: mmoja anakutuma kwa sababu anakumiliki, mwingine anakutuma kwa sababu anakuamini.

Onesimo wa leo yuko wapi, ndugu msomaji? Pengine ndiye aliyekuandalia chai asubuhi ya leo ukaja kanisani, yeye akabaki na watoto. Kila mwaka mvua zinapokataa na uwele na mtama unaponyauka, mabinti kutoka vijiji vya Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Manyoni hupanda mabasi kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Njia ni ileile ya kuelekea pwani. Wapo wanaopokelewa vizuri, wanalipwa, wanasomeshwa ushonaji, wanaagwa kwa heshima siku ya kuolewa. Na wapo wanaolala jikoni, ambao mshahara wao unashikwa na aliyewaleta, simu wananyang'anywa, Misa hawaijui, na wakiumwa wanarudishwa stendi na nauli tu. Tunamwita "dada", neno zuri kabisa la udugu, kisha tunamtendea kinyume cha neno hilo.

Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara ya usafirishaji haramu wa binadamu. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kipo kisheria. Lakini tumeshaona kwamba amri peke yake haimalizi utumwa. Humalizwa pale Filemoni anapofungua mlango na kuamua.

Basi wiki hii kaa chini uhesabu gharama, kama mjenzi wa mnara. Unamdai au unadaiwa na anayekutumikia? Kama ni mshahara wa miezi, mlipe kabla hujatoa mavuno kanisani. Kama hana makubaliano ya maandishi, yaandikeni. Mpangie Jumapili moja kwa nyingine akasali. Mzazi uliye kijijini, usimkabidhi mwanao kwa mtu usiyejua nyumba yake. Na katika jumuiya ndogondogo tuulizane kwa upole: huyu binti wa nyumba ile, mbona hatumwoni?

Kisha tuulinde ulimi. Bado kuna ukoo unaotajwa kwa kunong'ona kwamba babu yao alinunuliwa, na posa inakataliwa kwa sababu hiyo. Bado kuna anayeitwa Mwarabu au mtumwa katika hasira za siasa. Utani una mipaka yake na watani wanaijua. Tusi halina utani ndani yake. Ukisikia maneno hayo, usicheke. Chukua nafasi ya Paulo, simama katikati.

Taifa hili halikushuka kutoka mbinguni likiwa moja. Lilijengwa na watu waliokuwa na sababu za kuchukiana, wakaamua kuzikana, kuoana na kusemezana. Mnara bado haujafika juu. Ni zamu yetu kupanga tofali, na hakuna tofali lisilo na gharama.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, wewe uliyeuzwa kwa vipande thelathini vya fedha, wakumbuke wote waliouzwa katika nchi yetu na hawana kaburi tunalolijua. Utusamehe sisi wana wa waliouza na wana wa waliouzwa, tulioishi bila kutazamana. Utupe moyo wa kulipa tunachodaiwa na kumpokea ndugu anayerudi. Amina.

Nawatakia Dominika njema.